Mlolongo wa Alby

Karatasi za kura zilikuja ndani ya boksi la ndizi. Natalie alilibeba kutoka stesheni ya treni mpaka ghorofa ya nne, maana lifti ya jengo lao ilikuwa imekwama tena, akalitua juu ya meza ya jikoni, kati ya sinia la maharagwe yaliyokuwa yakichaguliwa na chupa ya dawa ya nyanya yake, Akeyo. Zilikuwa za buluu hafifu, kama shati la shule lililofuliwa mpaka likachoka. Juu liliandikwa jina la chama, chini yake majina ya watu, na la pili kutoka juu lilikuwa Natalie Okech, muuguzi msaidizi, Alby.

Akeyo alivaa miwani akavuta moja. Aliipapasa kwa kidole, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaigeuza tena.

"Wamekuandika vizuri," alisema. "Jina la babu yako limetoka lote, halikukatwa."

"Dani, usifurahi kwanza." Natalie alikuwa bado na koti mwilini. Dani ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya, na ndilo neno la Kijaluo pekee lililobaki katika nyumba ile. Mengine yote yalikuwa Kiswahili, kwa sababu Dorothy, mama yake Natalie, ni Mtaita, na ilibidi wakutane mahali. "Yara, mwenzangu wa chama, hasimami tena kesho pale shuleni kugawa karatasi. Amesema ana homa."

"Pole yake. Homa ya nini?"

"Homa ya Baba."

Alby, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, Uswidi, ina vyama vingi, mtu akisoma mabango. Lakini katika majengo yale watu wakisema Chama, bila kutaja jina, hakuna anayeuliza kipi. Ndicho kilichokuwa kikishinda kabla Elijah, mwanawe Akeyo na baba yake Natalie, hajafika kutoka Kenya. Kikashinda alipofika, na kikaendelea kushinda mpaka watoto waliozaliwa hapo wakadhani kushinda ni sehemu ya jina lake. Watu wa Chama ndio waliompokea Elijah, dereva wa basi asiyejua mtu, wakamkalisha mstari wa mbele mikutanoni, na mwishowe wakalipeleka jina lake mahakamani akawa nämndeman, yaani mzee wa baraza anayekaa kando ya hakimu na kusema maoni yake kabla ya hukumu. Siku hizo alivaa suti ya kijivu. Picha yake akiwa na suti ile ilikuwa ukutani kwa dada zake wote, Siaya na Kisumu.

Natalie alikuwa upande mwingine. Chama chake, Orodha ya Jioni, kilikuwa hata mwaka hakijamaliza vizuri. Kilianzishwa na wauguzi na wasaidizi wao waliotaka zahanati za mitaani zifunguliwe mpaka usiku, kwa kuwa watu wa Alby hurudi kutoka kazini wakati milango ya daktari imeshafungwa. Kilikuwa kinawania baraza la mkoa, lile bunge la Stockholm linaloamua mambo ya hospitali na treni. Sasa, vyama vikubwa karatasi zao hupangwa kila kituo na wasimamizi wa uchaguzi. Chama kichanga hupeleka zake chenyewe, na mtu wa kuzigawa nje ya mlango hujitafutia. Na katika kituo cha shuleni, aliyesimama nje ya mlango na karatasi za Chama, uchaguzi baada ya uchaguzi, alikuwa Elijah. Nani angekwenda kusimama mkabala naye akigawa karatasi za binti yake mwenyewe?

"Watu wetu tuko wachache, Dani. Mimi nimepangiwa Bredäng asubuhi na Hagsätra mchana. Nafikiri tuiache tu hii ya hapa."

"Uiache shule uliyosoma?" Akeyo alirudisha mikono kwenye maharagwe, akatoa kijiwe, akakiweka kando ya sinia. "Mimi nitasimama."

Elijah alirudi jioni akakuta boksi liko pale pale. Alitundika koti la kazi, akaliangalia boksi kama anavyomwangalia abiria aliyelala mpaka kituo cha mwisho.

"Natalie, nilikuambia vitu hivi visiingie humu."

"Pappa, det är bara papper."

"Nijibu kwa Kiswahili."

"Ni karatasi tu, Baba."

"Karatasi!" Elijah alivuta kiti lakini hakukaa. "Leo Mikael amenisalimu kwa jina langu lote. Elijah Okech. Miaka yote ananiita Eli, Eli, leo nimekuwa Elijah Okech." Mikael alikuwa mwenyekiti wa Chama wa pale mtaani.

"Hilo nalo ni tusi?" Dorothy aliuliza kutoka kwenye jiko, akikoroga.

"Mama Natalie, wewe huwajui. Hawagombi hawa. Hawapazi sauti. Wanakuita tu jina lako lote, na hapo ujue umekwisha. Mwakani wanapeleka majina mapya mahakamani. Unafikiri watapeleka la mtu aliyeshindwa na watu wa nyumba yake?"

"Sijakushinda, Baba," Natalie alisema. "Nimeomba kiti kwenye baraza, sijaomba chako."

"Ungeomba kupitia Chama!"

"Niliomba. Miaka mitatu nilipanga viti mikutanoni, nikaosha vikombe. Nikisema habari ya zahanati wananiambia nina moyo mzuri."

Elijah alimgeukia mama yake. "Na wewe, Mama, naambiwa umesema nini?"

"Nimesema nitasimama."

"Mama! Mimi huku, wewe kule, mlango katikati? Watatucheka mpaka habari ifike kwetu Ugunja."

"Wacha wacheke. Mimi sina meno ya kuona aibu."

"Kiswidi chenyewe hujui."

"Kusimama kunataka Kiswidi?"

Dorothy alifunika sufuria kwa kishindo kidogo. "Mimi sitaki kuulizwa niko upande gani," alisema. "Nitapika chai chupa mbili. Kila mtu na yake."

Elijah alikaa sasa. Sauti yake ilishuka, na hapo ndipo Akeyo alipojua kuwa jambo limemfika, maana tangu utoto kelele zake hazikuwa na maana, ila akinong'ona. "Basi nikuombe kitu kimoja, Mama. Kesho usinisalimie pale. Tusalimiane hapa asubuhi, yaishe. Pale tupitane tu."

Mtoto aliyemzaa, akamlea, akamfuata mpaka nchi ya barafu. Akeyo alipepeta maharagwe mara mbili, maganda yakaruka.

"Sawa," alisema. "Kama salamu yangu inakuharibia kazi, nitaikalia."

Jumapili ilikuwa na jua lile la Septemba linaloangaza bila kupasha. Akeyo alivaa gauni la ibada, koti jeusi, na kilemba cha manjano alichokivaa harusini. Dorothy alimbebea boksi na kiti cha kukunja mpaka shuleni, akamwachia chai yake, kisha akakimbilia zamu kwenye jiko la hospitali. Msimamizi mkuu wa kituo, mwanamke mrefu aitwaye Josefin, alipokea rundo la karatasi za Orodha ya Jioni, akazipanga kwenye kishubaka nyuma ya pazia pamoja na za vyama vingine, akamwonyesha Akeyo kwa mkono kwamba nje, kando ya njia, anaruhusiwa kusimama na zilizobaki.

Akeyo alipiga kura yake kwanza. Si raia, kwa hiyo ya bunge la nchi haimhusu, lakini ya mkoa na ya manispaa anapiga kama mtu mwingine yeyote aliyekaa miaka kadhaa nchini. Alikwenda nyuma ya pazia akachagua, akaweka alama kwenye jina la mjukuu wake kwa kalamu iliyofungwa kamba. Pazia lile lilimchekesha kidogo kila mara. Mtu mzima, na kilemba chake, amejibanza kama anayepima sidiria dukani.

Kisha akatoka, akasimama kulia kwa njia. Kushoto kwa njia alikuwa Elijah, amevaa fulana ya Chama juu ya shati, karatasi zake amezishika kifuani. Walitazamana mara moja. Akeyo alikuwa ameahidi, akanyamaza.

Watu wakaanza kuja.

"Shikamoo, Mama," alisema Deusdedit, Mtanzania wa ghorofa ya pili. Salamu ilikuwa ya Akeyo, macho yalikuwa kwa Elijah.

"Marahaba, baba. Chukua moja ya Natalie."

"Nitachukua nikitoka, Mama."

"Ukitoka utaifanyia nini? Utafungia samaki?"

Deusdedit alicheka akiona haya, akapokea ya Chama kwa mikono miwili, akaingia. Na wengine walikuwa hivyo hivyo. Wapo waliochukua za pande zote mbili, wakizikunja haraka mfukoni, kama watu walioalikwa kula nyumba mbili siku moja. Wapo waliomkumbatia Akeyo, wakamuuliza habari ya goti lake, wakamsifu kilemba, na mikono yao ikabaki nyuma mgongoni. Mwanamke mmoja wa kwaya alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, unajua watoto wangu wanaenda kambi ya Chama kila kiangazi." Akeyo akamwambia, "Nenda, mama. Sijakushika."

Baadaye kidogo alikuja Mikael mwenyewe, mtu wa makamo, viatu safi, kikombe cha kahawa mkononi. Alimpa Akeyo kahawa ile, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wake, akasema maneno mengi laini ya Kiswidi. Katika hayo Akeyo alishika upepo, na jua, na mama mzee. Kisha Mikael akakibeba kiti cha Akeyo, akakipeleka mbali, kule kwenye vyuma vya kufungia baiskeli, akakifungua vizuri, akakipigapiga kwa kiganja kama anayekaribisha mgeni. Akarudi akabeba na boksi.

Akeyo alikwenda. Alipofika pale alielewa. Jua lilikuwepo kweli, lakini watu waliokuwa wakipita walikuwa ni wenye baiskeli tu, na hao walikuwa wakiinama kufunga kufuli. Alimtafuta mwanawe kwa macho. Elijah alikuwa ameona yote. Alikuwa akizisawazisha karatasi zake, akizigonga-gonga kwenye paja zilingane, na zilikuwa zimelingana tayari.

Akeyo hakukikalia kile kiti. Alisimama mbele yake, akatoa karatasi moja ya buluu, akaishika kwa vidole viwili usawa wa kifua, jina la Natalie likiangalia mbele.

Kambale ndiye aliyemkuta hivyo. Alikuwa fundi cherehani, mzee Mkongo, mjane, mwenye kofia ya manyoya majira yote. Alikuwa ametoka kupiga kura.

"Maman Akeyo! Juu ya nini wamekutupa huku na mabaiskeli?"

"Wamenipa jua."

"Jua gani? Mi naona kivuli cha ukuta kimeshafika." Alisogea. "Na hiyo karatasi unaishika namna gani? Kama picha ya marehemu."

Akeyo alicheka. "Ndivyo tulivyopiga kura kwetu mwaka wa themanini na nane. Chama kilikuwa kimoja nchi nzima. Kila mgombea anashikiwa picha yake uwanjani, na wewe unapanga mstari nyuma ya picha unayoitaka. Hakuna karatasi, hakuna pazia. Chifu anakuona, mwajiri wako anakuona, mama mkwe wako anakuona. Tuliuita mlolongo."

"Na weye ulisimama?"

"Mimi na marehemu mume wangu, Okech. Wetu ulizunguka uwanja ukatoka nje ya lango. Ule wa mtu wao ungetosha ndani ya darasa moja."

"Basi mulishinda."

"Ulishinda ule wa darasani."

Kambale alipiga makofi mara moja kwa mshangao. "Ai, Mungu! Sasa musimame juu ya nini?"

"Hesabu ilikuwa yao, waliiandika walivyotaka. Lakini waliotuona tumesimama, walituona. Okech alikuwa mwalimu, akahamishwa shule, tukalala njaa kidogo, na kila tulipopita sokoni watu walitupisha." Akeyo aliinua kidevu. "Hilo hawakuweza kulitangaza vingine."

Mkongo yule akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Mi nimesha weka kura yangu, na leo sina suruali ya mtu ya kukata," alisema. "Acha nisimame." Akaenda nyuma ya Akeyo, akasimama, mikono mgongoni, kama mtoto wa shule.

Mama Kipchumba, Mkenya mwenzake Akeyo, akawaona kutoka mlangoni. Alikuja mbio kiasi mwili wake mnene ulivyomruhusu. "Akeyo! Usiniambie huu ni mlolongo!"

"Huoni?"

"Yesu wangu!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nilikuwa kwenye ule mfupi, unajua? Ule ulioshinda! Tulikuwa wachache mpaka tukaambiwa tuachiane nafasi, mstari uonekane mrefu."

"Basi leo uonje mrefu."

"Mrefu gani, na nyinyi wawili?" Lakini akaingia nyuma ya Kambale. Baada yake wakaja wengine wawili wa ibada ya Kiswahili, waliokuwa wameshapiga kura na hawakuwa na haraka. Waliingia wakicheka, kisha wakanyamaza, wakajinyoosha. Kuna kitu humwingia mtu akisimama nyuma ya mwenzake namna ile.

Na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo Akeyo hakulipanga. Waswidi wana adabu yao: wakiona watu wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, wao husimama nyuma, hawaulizi. Alikuja mzee mmoja na mbwa mdogo mweupe, akaona foleni nje ya kituo cha kura, akasimama. Nyuma yake wakasimama mume na mke wenye mtoto kwenye kigari. Wakaja wasichana wanne wa chuo wakitazama simu. Wakaja Waturuki wa duka la mboga, familia nzima. Foleni ilipita baiskeli, ikakata kona ya ukuta, ikafika uwanja wa kuchezea watoto. Akeyo, aliyekuwa mbele, hakuona kitu; alisikia tu minong'ono ya adabu ikiongezeka, na mara moja mbwa kubweka.

Mlangoni, kwa Elijah, hapakuwa na mtu.

Josefin alitoka nje kuona kama dunia imekwisha. Aliangalia mlango mtupu, akaangalia foleni, akashika kichwa. Mikael alikuwa ameshafika, na safari hii sauti yake ilikuwa juu. Mama huyu amewadanganya wapiga kura! Amewazuia watu wasifike mlangoni! Watu waligeuza shingo. Wasichana walishusha simu zao.

Josefin alipita kando ya mstari akieleza kwa upole kwamba asiyepiga kura bado, mlango ni ule pale. Kukawa kicheko, kisha watu wakaanza kuachia nafasi zao. Mume na mke na kigari, wasichana, familia ya dukani, mzee na mbwa wake, wote wakaondoka wakiomba radhi kwa mikono. Mlolongo uliyeyuka mbele ya macho. Wakabaki Kambale, Mama Kipchumba, na wale wawili, wamesimama wakiwa na nafasi kubwa nyuma yao.

Mikael alitabasamu. "Hawa ndio wote," alisema. Hakukuwa na haja ya kutafsiri, lakini alimpungia Elijah aje. "Elijah Okech. Mwambie mama yako achukue boksi lake aende nyumbani kupumzika. Mtafsirie vizuri, kwa heshima."

Elijah alivuka njia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuwa karibu na mama yake kiasi cha kumgusa. Alisimama mbele yake, na Akeyo akaona jasho juu ya mdomo wa mwanawe, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Tafsiri, mwanangu," alisema. "Nasikiliza."

Elijah hakutafsiri. Nyuma yake Mikael aliongeza jambo, polepole, karibu kama rafiki: mwakani majina ya mahakamani yakipangwa, watu wataulizana habari ya leo. Elijah alifumba macho, akayafumbua. Kisha akamgeukia Josefin, akaongea Kiswidi ambacho Akeyo hakuwahi kukisikia nyumbani, Kiswidi cha taratibu, kila neno limekaa kitako. Natalie alimwambia nyanya yake baadaye kwamba hiyo ndiyo sauti ya mahakamani.

"Naomba kuuliza. Mama yangu amevunja sheria gani?"

Neno mama yangu Akeyo alilijua kwa Kiswidi. Min mamma. Lilisikika mpaka mlangoni.

Josefin alifikiri. Alipima kwa macho kutoka baiskeli hadi mlango. "Hakuna," alisema. "Yuko nje. Hajamshika mtu. Nitaweka mshale wa kuonyesha mlango, nao wako huru kusimama hapo mpaka giza."

"Ahsante." Elijah alimgeukia Akeyo. "Mama, amesema una haki ya kusimama."

"Nilijua. Lakini ni vizuri umesema wewe."

"Eli," Mikael aliita, na sasa jina lilikuwa limerudi kuwa fupi. "Njoo. Rudi mahali pako."

Elijah alizitazama karatasi mikononi mwake. Alizisawazisha mara moja zaidi, akamkabidhi Mikael kwa mikono miwili, zimelingana, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani kikiwa kimeoshwa. Hakusema neno baya. Alipita kando ya mama yake, akampita Kambale, akampita Mama Kipchumba aliyeacha kucheka, akawapita wale wawili wa ibada, akasimama mwisho. Fulana ya Chama ilikuwa bado mwilini mwake.

"Unajua unachofanya?" Mikael aliuliza. "Na kiti chako?"

"Kiti mlinipa nyinyi," Elijah alisema. "Mpeni mwingine, sitalalamika. Miguu nilizaliwa nayo."

Aliweka alama kwa jina la nani pale ndani asubuhi ile, hakuna anayejua mpaka leo, hata Dorothy; hilo ni la nyuma ya pazia na litabaki huko. Chama kilishinda katika shule ile tena, kama kilivyozoea. Orodha ya Jioni haikupata kiti mkoani. Na mwaka uliofuata, jina la Elijah halikupelekwa mahakamani, suti ya kijivu ikaanza kuonekana ibadani. Lakini hayo yalikuja baadaye, siku za kazi, na kila mtu aliyapokea akiwa amekaa.

Siku yenyewe, Dorothy alirudi kutoka zamu akiwa bado na harufu ya jiko, akakuta mume wake nyuma ya mstari. Alimtazama, akautazama mstari wote, akaenda mbele kwa mama mkwe wake.

"Mama, unajua nani yuko mwisho?"

"Usiniambie," Akeyo alisema. Macho yake yalikuwa mbele na karatasi kifuani. "Nimesikia hatua zake. Nilizifundisha mimi kutembea."

Dorothy alikwenda akasimama mbele ya mumewe, wale wawili wakampisha. Muda haukupita mrefu, mzee mwenye mbwa mweupe akatoka mlangoni. Alikuwa ameshapiga kura. Alifika mpaka kwa Elijah, akakohoa kwa adabu, akasema kwamba samahani, yeye alikuwa na nafasi yake hapa.

"Foleni hii haiendi popote," Elijah alimweleza.

"Ndiyo, nimeona," mzee alisema. "Lakini nilikuwa nimeshasimama." Akaingia nyuma ya Elijah, mbwa akalala juu ya viatu vyake. Msichana mmoja wa chuo akamfuata. Kisha Deusdedit akatoka kwenye kona ya jengo, mahali alipokuwa amejibanza muda wote akitazama, akaja bila kumwangalia mtu, akasimama.

Jua lilikuwa limepita juu ya paa la shule wakati Natalie alipopanda kutoka stesheni, begi begani, amechoka, akitokea Hagsätra ambako hakuna aliyemsikiliza. Alitokea upande wa uwanja wa kuchezea, kwa hiyo aliona migongo tu. Aliona foleni, akaharakisha, akamgusa bega Deusdedit, aliyekuwa wa mwisho, akiuliza kwa Kiswidi kama kituo kimejaa kiasi hiki, kama hii ndiyo foleni ya kupigia kura.

Aliyejibu hakuwa Deusdedit. Katikati ya mstari mtu mwenye fulana ya Chama aligeuka, akamwona binti yake.

"Ya kura ni mlango ule, Natalie," Elijah alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mbali. "Hii ni yako."